Harufu ya Mkojo katika Vizimba vya Sungura: Hotuba kwa Wafugaji wa Kewanja



Jambo nililokuja kulinena leo ni dogo machoni pa watu wengi, tena huenda wengine wakalicheka. Nalo ni harufu mbaya itokayo katika vizimba vya sungura. Lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana harufu hiyo ndiyo iuayo sungura wengi, na ndiyo igombanishayo majirani.

Kila mtu ajua jinsi nchi hii ilivyobadilika. Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulipoanza kazi mwaka 2002, watu wamezidi kujenga upande huu wa Nyamongo, nyumba zimekaribiana, na malisho ya ng'ombe yamepungua. Mtu asiye na eneo la kulisha ng'ombe hata mmoja aweza kufuga sungura kumi nyuma ya nyumba yake. Jike hubeba mimba siku 31 tu, na chakula chake ni majani, nyasi na masalia ya shamba. Basi ni mfugo mwema kwa mwenye kiwanja kidogo. Lakini penye viwanja vidogo, harufu ya kizimba cha mmoja huingia katika nyumba ya mwenzake.

Kwanza tufahamu harufu hiyo yatoka wapi. Watu wengi hudhani ya kuwa ni ya mavi. Sivyo. Mavi ya sungura mwenye afya ni punje ngumu, kavu, wala hayanuki sana. Kinukacho ni mkojo, na sungura hukojoa sana kuliko umbo lake lionyeshavyo: kwa wastani mililita 130 hivi kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito wake, ingawa kiasi hicho huzidi au hupungua kwa jinsi anavyokula na kunywa. Sungura wa kilo tatu, basi, aweza kutoa zaidi ya theluthi moja ya lita kila siku. Hesabuni wenyewe sungura kumi watoa kiasi gani kwa juma moja.

Mkojo ukiwa umetoka sasa hivi hauna ukali mwingi. Ndani yake mna kitu kiitwacho yurea, kama ile iliyomo katika mbolea ya dukani. Vijidudu vilivyomo katika mavi na takataka huivunja yurea hiyo, na hapo ndipo izaliwapo hewa kali ya amonia, iwashayo macho na pua. Vijidudu hivyo vyataka mambo matatu: unyevu, joto na muda. Mkiondoa unyevu, na msipowapa muda, harufu haitapata nguvu. Siri yote ya kazi hii imo humo.

Madhara yake ni haya. Amonia hubabua ngozi laini ya ndani ya pua na mapafu. Ngozi hiyo ikiisha kubabuka, vijidudu vya maradhi, hasa vile viitwavyo pasturela, hupata mlango wa kuingia. Mtaona sungura apiga chafya, pua yatoka makamasi mazito, na manyoya ya miguu ya mbele yameshikana kwa sababu ya kujipangusa. Wengine hupata nimonia wakafa. Watu husema, “Ni baridi,” au, “Ni jicho la mtu,” kumbe ni kizimba kichafu. Tena sungura akaaye juu ya majimaji huchubuka nyayo, akapata vidonda visivyopona upesi. Na watoto wake, wazaliwao uchi na vipofu, wasiofumbua macho mpaka siku ya kumi hivi, hulala chini kabisa, karibu na mkojo.

Nanyi msipime harufu mkiwa mmesimama wima. Asubuhi na mapema, kabla ya kufungua mlango wa banda, ingia, uiname, ulete pua yako pale pua ya sungura ilipo. Ukiona macho yako yalenga machozi, ujue ya kuwa sungura wako wamekaa katika hali hiyo usiku kucha.

Sasa nieleze ujenzi wa kizimba. Kizimba na kiinuliwe kiasi cha mita moja kutoka chini. Sakafu yake isiwe ya mbao zilizoshikamana, kwa kuwa mbao hunywa mkojo, na ukisha kuingia ndani hautoki tena. Iliyo bora ni waya wa matundu madogo, ya milimita 12 kwa 25 hivi, upitishao mkojo na mavi lakini usionase mguu. Asiyeweza kununua waya atumie fito za mianzi zilizolainishwa, akiacha nafasi ya sentimita moja na kidogo kati ya fito na fito. Wekeni pia kipande cha ubao laini pembeni ili sungura apumzishe nyayo; kiwe cha kutolewa, kioshwe na kuanikwa juani. Na mtu asihofu kwamba sungura atakosa yale mavi laini ayalayo mwenyewe kwa afya yake, maana hayo huyachukua kwa kinywa moja kwa moja kabla hayajaanguka.

Chini ya sakafu pigeni bati lililolala kwa mteremko, na mwisho wake mfereji uingiao katika dumu. Kwa njia hii mkojo huondoka mara moja, wala haukai kuchanganyika na mavi. Asiye na bati atandaze chini maranda, pumba za mpunga au nyasi kavu zilizokatwakatwa. Vitu hivyo hunyonya maji. Lakini avikusanye na kuvibadili kila vikilowa, asingoje mwisho wa mwezi.

Banda lipate hewa. Wakati wa masika wengi hulifunika kwa turubai pande zote kwa kuhofia mvua, na ndipo maradhi ya pua yazidipo. Zuieni mvua na upepo mkali upande utokako, lakini acheni nafasi wazi juu, chini ya paa, ili hewa kali itoke. Madume waliokomaa hurusha mkojo, na harufu yao ni kali zaidi. Wawekeni mwisho wa banda, upande upepo uendako, mbali na nyumba ya kulala na mbali na ukuta wa jirani.

Kazi ya kila siku ni ndogo. Sungura ana desturi ya kuchagua pembe moja ya kukojolea. Ijueni pembe hiyo, muisafishe kila asubuhi. Tazameni vyombo vya maji, maana chombo kivujacho huongeza unyevu sawa na mkojo. Kuna wanaowanyima sungura maji ili wasikojoe sana. Huo ni ukatili na hasara: sungura hatakula vizuri, na jike anyonyeshaye atakaukiwa maziwa. Jihadharini badala yake na chakula chenye nguvu kupita kiasi, kama vile majani ya kunde au lusina yakitolewa peke yake kila siku. Kisichotumika mwilini hutoka katika mkojo kuwa yurea. Nyasi kavu na ziwe sehemu kubwa ya chakula chao.

Hapa niseme juu ya majivu, kwa kuwa kila nyumba inayo. Watu hurusha majivu au chokaa juu ya mavi yaliyolowa na kunuka, wakidhani wameua harufu. Kumbe kwanza huizidisha, kwa sababu majivu huisukuma amonia itoke kwa nguvu, nao sungura wako juu yake. Utaratibu ulio sawa ni huu: kwangueni uchafu wote, upelekeni mbali, acheni mahali pakauke, kisha ndipo mnyunyize majivu juu ya ardhi tupu.

Mtaona pia ukoko mweupe juu ya bati na waya. Hiyo ni chokaa itokayo katika mkojo, kwa sababu mwili wa sungura hutoa chokaa nyingi kwa njia hiyo. Maji matupu hayauondoi. Pakeni siki au maji ya ndimu, ngojeni kidogo, kisha sugueni kwa brashi na kusuuza. Lakini sikilizeni onyo hili: dawa ya kung'arishia nguo, yenye klorini, isichanganywe na siki wala isimwagwe penye mkojo. Michanganyo hiyo hutoa hewa ya sumu iwezayo kumdhuru mtu na mnyama pia.

Na mkojo uliokingwa katika dumu usimwagwe ovyo. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika nchi ya Kenya, wafugaji wengi huukinga na kuutumia shambani kama mbolea ya maji. Fungeni dumu barabara, maana amonia itorokayo ni mbolea ipoteayo. Wakati wa kuutumia, changanyeni kipimo kimoja cha mkojo na vipimo kumi vya maji, mkamwagie udongo karibu na shina la mahindi au migomba. Jaribuni kwanza kwa miche michache. Msiumwagie mboga ziliwazo mbichi. Nayo mavi na maranda yatiwe katika shimo la samadi. Lakini mtu asinunue sungura kwa ahadi tu ya kwamba mkojo utampatia fedha nyingi. Soko lake na alione kwanza kwa macho yake.

Waheshimiwa, neno langu la mwisho ni kwenu ninyi mnaoongoza. Jirani aletapo mashtaka ya harufu, msikimbilie kuamuru sungura waondolewe. Nendeni mkatazame sakafu, mteremko na paa. Mara nyingi bati moja na dumu moja humaliza kesi. Nanyi walimu, kizimba kimoja cha shule kilichojengwa vema kitawafundisha watoto hesabu, afya na kilimo kwa pamoja, nao watakwenda kuwaonyesha wazazi wao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayepangusa mkojo leo hatazika sungura kesho.