INVERTA YA PAMPU IKIJIZIMA: MJUMBE HAUAWI

(Hotuba kwa kamati na watunza pampu wa vikundi vya maji)



Leo tuzungumze juu ya lile sanduku la ukutani linaloendesha pampu ya kisima. Wengi tunaliita inverta. Viwandani kuna vifaa vya ukoo huo huo. Vile vinavyoongoza mota kwa vipimo vya makini sana huitwa servo. Majina ni mengi, lakini njia ya kutafuta ubovu inafanana.

Sanduku likijizima, maji yanakwisha tangini na akina mama wanarudi mtoni. Hapo kamati inaingiwa na haraka. Mtu anasema, "Inverta imeungua, tuchange tununue nyingine." Ngojeni kwanza! Mara nyingi inverta haijaungua. Imeona hatari mahali pengine, ikasimamisha kazi. Wazee walisema, mjumbe hauawi. Mkinunua mpya bila kujua hatari iko wapi, hiyo mpya nayo itajizima, au itaungua kweli, na pesa za wanachama zimekwenda.

Inverta inafanyaje kazi? Inapokea umeme wa sola, ambao ni wa aina ya betri. Ikiwa imeungwa kwa stima ya kawaida, huigeuza kwanza iwe ya aina hiyo. Halafu transista zake huukatakata umeme huo na kuupeleka kwa mota kwa nyaya tatu. Wakati wote inapima. Umeme ukizidi, ukivuja ardhini, au joto likipanda, inazima na kuandika alama kwenye kioo chake.

Kabla ya yote, tulinde maisha. Ndani ya sanduku mna kapasita. Hizo ni kama tangi: ukifunga mfereji, maji bado yamo. Stima ya volti 415 ikigeuzwa humo hufika karibu volti 585, na hubaki humo kwa muda hata baada ya kuzima swichi. Inatosha kuua mtu. Someni dakika za kungoja zilizoandikwa kwenye sanduku. Na baada ya kungoja, fundi apime kwa mita, asikisie. Paneli za sola nazo zina hatari yake. Paneli 10 za volti 40 zikiungwa mstari mmoja ni volti 400, na jua likiwaka zinaendelea kutoa umeme hata sanduku likizimwa. Kwa hiyo mtunza pampu asifungue kifuniko. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

Basi mtunza pampu afanye nini? Achukue daftari. Aandike alama iliyo kwenye kioo kabla hajagusa chochote, maana ukizima na kuwasha, alama inaweza kupotea. Maana ya alama hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo kile kitabu kilichokuja na sanduku msikifungie maandazi! Kisha aandike lilijizima wakati gani:

1. Likizima mara tu linapowashwa, shuku waya zilizogusana, umeme unaovuja ardhini, au pampu iliyokwamishwa na mchanga.

2. Likifanya kazi muda mrefu halafu likazima, shuku joto. Angalia kama feni inazunguka na kama matundu ya hewa yamezibwa na vumbi au wadudu. Au pengine maji ya kisima yameshuka chini ya pampu.

3. Likizima wingu linapopita na kurudi lenyewe jua likitoka, pengine hakuna ubovu. Ni umeme wa sola umepungua.

Jambo moja naomba sana: msiwashe tena na tena. Kama waya zimegusana, kila mkiwasha mnapitisha umeme mkali kwa transista, na hapo ndipo ubovu mdogo unakuwa mkubwa.

Fundi akifika, aanze na yaliyo rahisi. Umeme ukiwa umezimwa na amekwisha kupima, aangalie skrubu zilizolegea na alama za kuungua. Kisha atenganishe. Atoe zile nyaya tatu za mota kwenye sanduku, na kama kitabu kinaruhusu, aliwashe bila mota. Alama ile ile ikirudi, ubovu uko kwenye sanduku. Isiporudi, twende upande wa kebo na mota.

Huko, apime zile nyaya mbili mbili. Vipimo vitatu vikaribiane. Kimoja kikienda mbali na vingine, kuna shida. Halafu apime kwa mega kama umeme unavuja ardhini. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, msirudishe mota kazini. Kiungo cha kebo kilichozama kisimani kikichunguzwe sana, maana maji yakiingia hapo, umeme huvuja. Lakini mega isitumiwe kamwe nyaya zikiwa bado zimefungwa kwenye inverta. Volti zake 500 au zaidi zinaweza kuua transista ambazo zilikuwa nzima.

Ndugu zangu, kabla kamati haijapitisha pesa za inverta mpya, iulize fundi maswali matatu. Kioo kilisema nini? Sanduku likitenganishwa na mota, lilifanya nini? Mega ilisoma ngapi? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Fundi mwaminifu hatakasirika akiulizwa, na mweka hazina atakuwa na la kuwaambia wanachama.