Mwanasheria Mkuu ni Wakili wa Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tunaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe. Kikundi chetu kilikuwa na tangi la maji tulilojenga kwa harambee, kila mtu na mawe yake na mchanga wake. Siku moja lori la idara moja ya serikali lilirudi nyuma, likalibomoa. Dereva akaomba msamaha. Mkubwa wake akaahidi kwamba tutalipwa, na sisi tukaamini. Miezi ikapita. Kila mkutano tulisema, "Wakikataa, tutamwandikia Mwanasheria Mkuu awapeleke kortini."

Tulipokwenda kumwona wakili, miezi 14 ilikuwa imekwisha. Alituuliza maswali mawili tu: lori lilikuwa la nani, na lilibomoa tangi lini? Tulipojibu, akatikisa kichwa. Sheria inatoa miezi 12 peke yake kuishtaki serikali kwa hasara ya namna hiyo. Tena akatuambia neno lililotuuma zaidi: yule tuliyetaka kumwandikia atutetee ndiye ambaye angesimama upande wa pili kuitetea serikali.

Basi hatukupoteza tangi kwa sababu ya lori tu. Tulilipoteza pia kwa kutojua. Ndiyo maana tumeona tulizungumze jambo hili wazi wazi.

Mwanasheria Mkuu ni nani? Katiba ya 2010, kifungu cha 156, inasema yeye ndiye mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria. Rais anamteua, na Bunge la Taifa lazima likubali. Serikali ya kitaifa ikishtakiwa, au ikishtaki, katika kesi isiyo ya jinai, yeye na mawakili wake ndio wanaosimama kortini. Mwaka 2024 Dorcas Oduor alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo katika Kenya.

Lakini Katiba haikukomea hapo. Inamwagiza pia alinde utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Korti ikimruhusu, anaweza kuingia hata katika kesi ambayo serikali si mshtaki wala mshtakiwa, kama rafiki wa mahakama. Kwa hiyo ana mzigo wa pande mbili. Ni wakili wa serikali, na serikali ni yetu sisi wananchi. Serikali ikikosea, wajibu wake ni kuiambia ukweli. Hata hivyo, mwenye kuamua kesi si yeye. Ni korti.

Sasa tuangalie mambo asiyoweza kufanya, maana hapo ndipo wengi wetu hupotea njia.

Kwanza, hashtaki wezi. Zamani alikuwa na uwezo huo. Chini ya Katiba ya zamani aliweza kuanzisha kesi ya jinai, kuichukua kesi iliyoletwa na mtu binafsi, na hata kuisimamisha. Tangu 2010 kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye haombi ruhusa ya mtu yeyote kuanzisha kesi. Naye akitaka kuiondoa, lazima korti ikubali. Kwa hiyo mweka hazina akitoroka na pesa za kikundi, nenda polisi.

Pili, yeye si wakili wa serikali ya kaunti. Kaunti ina wakili wake. Ikiwa tingatinga la kaunti ndilo lililong'oa mabomba yenu, mshtakiwa ni kaunti.

Tatu, si wakili wa kikundi chako wala wangu. Kesi ya madai dhidi ya serikali ya kitaifa huandikwa kwa jina lake, yaani yeye ndiye mshtakiwa kwa niaba ya serikali. Hata ukishinda, huwezi kutuma dalali akakamate gari la serikali. Unapewa hati ya korti inayoonyesha kiasi unachodai, kisha unaifuatilia mpaka ulipwe. Ni safari ndefu, na ni afadhali mjue mapema.

Pengine mtauliza, kama ni hivyo, nani atasimama upande wa wanyonge? Hapa tukumbuke habari ya marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mama huyu akaenda kortini kuuzuia. Korti ikamfukuza, ikisema kwamba mwenye haki ya kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa wakili wa serikali yenyewe! Hakunyamaza, wala wenzake hawakunyamaza, na mwishowe jumba lile halikujengwa.

Leo mlango huo si mmoja tena. Vifungu vya 22 na 258 vya Katiba vinampa kila mtu ruhusa ya kwenda kortini haki zinapovunjwa au Katiba inapokiukwa, kwa ajili yake, kwa ajili ya kikundi, au kwa ajili ya umma. Kesi ya haki za msingi chini ya kifungu cha 22 haitozwi ada ya kuifungua, na korti inaweza kuipokea hata ikiwa imeandikwa kwa njia ya kawaida, bila makaratasi ya kiwakili. Nayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliweka huduma ya kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Kwa hiyo hasara ikiwapata, fanyeni hivi. Andikeni siku hiyo hiyo katika kitabu cha kumbukumbu: tarehe, nambari ya gari, majina ya walioona. Pigeni picha. Ulizeni kama mhusika ni serikali ya kitaifa au kaunti. Ahadi ya fidia iombeni kwa maandishi. Tena mwoneni wakili mwezi ule ule, hata kama mazungumzo bado yanaendelea, kwa sababu ahadi ya mkubwa haizuii miezi kuhesabika. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Sisi tumejenga tangi lingine, kwa harambee nyingine. Mama mmoja mzee aliyeleta mawe mara ya kwanza aliyaleta tena, kichwani. Hatungependa mama wa kikundi chako afanye hivyo mara mbili.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Je, kuna hasara ambayo kikundi chetu kinangoja kulipwa? Ilitokea tarehe gani?
2. Mhusika ni serikali ya kitaifa, kaunti, au mtu binafsi?
3. Ni nani kati yetu atakayekwenda kumwona wakili, na atakwenda siku gani?