Cheo Kikiisha, Tunabaki na Nini?



Tangu utotoni wengi wetu tuliambiwa, "Soma kwa bidii upate kazi nzuri." Tukasoma, na baadhi yetu tukaipata. Tuna kiti ofisini, tuna mshahara, hata nyumba ya wazazi tumeiezeka mabati. Twamshukuru Mungu. Lakini mbona usiku, taa ikisha kuzimwa, moyo huuliza, "Je, ni haya tu?"

Na tumtazame Eric Liddell, mwana wa wamisionari kutoka Scotland. Mwaka 1924, katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris, alishinda mbio za mita 400. Sifa zake zilienea Uingereza yote. Mwaka uliofuata aliziacha, akaenda China kufundisha katika shule ya misheni.

Vita vilipokuja, Wajapani walimtia kizuizini katika kambi ya Weihsien. Mle kambini medali haikuwa na faida. Liddell aliwafundisha watoto masomo, akawapangia michezo, akawahimiza kuwaombea hata wale waliowafunga. Liddell alimpa kijana mmoja viatu vyake vya mbio, vilivyokwisha kuchakaa. Majuma machache baadaye, Februari 1945, Liddell akafariki, umri wake miaka 43. Baada ya vita kijana yule alikwenda Japani kuhubiri Injili.

Ndugu zetu, hatusemi kazi ni mbaya. Liddell alikimbia kwa nguvu zake zote, nasi yatupasa kufanya kazi vivyo hivyo. Wala Mungu hatuiti sote kuacha ofisi na kwenda mbali. Lakini cheo ni nguo ya kuazima. Siku ya kustaafu tutarudisha funguo, na jina letu litabanduliwa mlangoni. Je, nyumbani tutakuta watoto wanaotujua, au wageni tuliowalipia karo tu?

Basi juma hili tusingoje kustaafu. Tuketi na watoto wetu tuwasikilize. Tumtembelee jirani mgonjwa. Tumfundishe kijana mmoja ufundi tunaoujua. Huko ndiko moyo hushiba.

Tuombe: Ee Bwana, tunakushukuru kwa kazi uliyotupa. Utuepushe tusiifanye kuwa mungu wetu. Utufundishe kuwapenda watu uliotupa, kabla siku hazijapita. Amina.