Mlango Haukuwa na Kosa

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Nilipojenga Segerea niligombana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja. Miaka mitatu hatukusalimiana. Rafiki yangu akanieleza fengi shui, elimu ya Wachina ya kupanga nyumba, maana yake "upepo na maji". Akasema mlango wangu umeelekea kubaya; niuhamishe.

Kabla ya kumwita fundi nilipita Upanga, kwenye hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Nikamwuliza mtawa habari za mlango. Akanijibu kwa upole kwamba Buddha hakufundisha milango. Alifundisha kuwa mateso huzaliwa na kiu ya moyo. Akaniketisha, akaniambia nihesabu pumzi zangu. Sijafika kumi, nimekwisha mgombeza jirani moyoni mara mbili!

Jioni ile nilipiga hodi kwake. Akanitazama kitambo, akasema, "Karibu, jirani." Mwaka jana alifariki, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Dini yangu sikubadili. Lakini humu ukumbini wamo wasiosalimiana tangu bwenini. Ndugu zangu, msingoje jeneza.