Ngano, Kodi na Mfalme Geiseric: Wavandali na Anguko la Roma ya Magharibi



Yakitajwa makabila yaliyoiangusha Dola ya Roma ya Magharibi, fikra zetu hukimbilia misitu ya Ujerumani na ukingo wa mto Rhine. Jioni hii naomba tuelekee kusini, Carthage, katika Tunisia ya leo. Hoja yangu ni kwamba pigo lililoiua dola ile lilipigwa huko, tarehe 19 Oktoba 439, na karibu bila vita.

Wavandali walivuka Rhine mwishoni mwa mwaka 406 pamoja na Wasuebi na Waalani, hawa wa mwisho wakiwa wapanda farasi wenye asili ya nyika za mashariki. Walipora Gaul, na mwaka 409 wakaingia Hispania. Tusidhani lilikuwa taifa moja lililotoka kwao likiwa kamili. Wavandali wenyewe walikuwa makundi mawili, Wahasdingi na Wasilingi. Kati ya 416 na 418 Roma iliwatumia Wavisigothi kuwapiga. Wasilingi na Waalani wakasambaratishwa, na walionusurika wakakimbilia kwa mfalme wa Wahasdingi. Kwa hiyo Roma, kwa mkono wake, ilijiundia adui mkubwa zaidi.

Mwaka 428 ufalme ulimwangukia Geiseric, mtu aliyechechemea kwa sababu ya kuanguka farasi, mwenye fikra nzito na maneno machache. Mwaka uliofuata aliwavusha watu wake wote kuingia Afrika. Askofu Victor wa Vita anaandika kwamba mfalme aliamuru wahesabiwe wote, wazee, watoto na watumwa, wakafika 80,000, ili uvumi uenee kwamba wapiganaji ni wengi kiasi hicho. Waliuzingira mji wa Hippo, na humo ndani, tarehe 28 Agosti 430, akafariki Augustino, askofu ambaye chuo kikuu kimoja pale Mwanza kina jina lake.

Kwa nini Afrika? Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa jambo. Majimbo yaliyoizunguka Carthage yalikuwa ghala la Magharibi yote. Sehemu ya kodi ililipwa kwa ngano na mafuta ya zeituni, ikapakiwa bandarini na kuwalisha wakazi wa Roma bila malipo. Sehemu nyingine ililipwa kwa dhahabu, na dhahabu ndiyo mshahara wa askari. Kwa karne nyingi Mediterania haikuwa na adui mwenye meli, kwa hiyo utajiri huo ulilindwa na wanajeshi wachache mno. Geiseric aliuona udhaifu huo. Alifanya mkataba mwaka 435, akangoja, kisha akaiteka Carthage pamoja na meli zake.

Tazameni matokeo katika sheria za mtawala Valentinian wa Tatu. Kwa mapatano ya 442 alirudishiwa majimbo maskini, Numidia likiwa mojawapo. Mwaka 445 alilazimika kutamka kwamba Numidia italipa sehemu moja tu kati ya nane za kodi yake ya zamani. Hayo ndiyo majimbo aliyorudishiwa. Yale yenye neema hayakumpa kitu. Sheria nyingine ya wakati huohuo, iliyoanzisha kodi mpya juu ya mauzo, inakiri kwamba hazina haitoshi kuwalisha na kuwavisha askari. Nikisoma maneno hayo naona dola ikikata roho. Kuporwa kwa jiji la Roma mwaka 455, siku 14 mfululizo, kumeandikwa mno na kuchorwa mno. Kulikuwa kufukua mfuko uliokwisha kutoboka.

Konstantinopoli, makao ya Dola ya Roma ya Mashariki, ilielewa. Mwaka 468 ilituma msafara mkubwa kuirejesha Afrika. Geiseric aliomba siku tano za kusitisha mapigano, upepo ukageuka, naye akasukuma mashua zinazowaka moto hadi katikati ya meli za Warumi karibu na Rasi Bon. Miaka 8 baadaye mtawala wa mwisho wa Magharibi aliondolewa madarakani huko Italia, naye hakuwa na fedha wala jeshi.

Utawala wa Wavandali haukuwa wa upole. Waliwanyang'anya mabwanyenye mashamba, na Huneric, mwana wa Geiseric, aliwatesa na kuwafukuza Wakatoliki. Hata hivyo, mbao zenye maandishi zilizopatikana mwaka 1928 karibu na mpaka wa Algeria na Tunisia zinatuonyesha wakulima wa miaka ya 490 wakiuziana vishamba vya mizeituni kwa Kilatini na kwa sheria ya Roma, wakiandika tarehe kwa miaka ya mfalme Mvandali.

Mwaka 533 jemadari Belisarius alitua Afrika na jeshi la Justinian, mtawala wa Konstantinopoli, na mwaka uliofuata mfalme Gelimer akajisalimisha. Mwanahistoria Procopius, aliyekuwa katika msafara huo, anasimulia kwamba daftari za kodi hazikuonekana tena kwa kuwa Geiseric alikuwa ameziharibu. Justinian akatuma maofisa wawili, Tryphon na Eustratius, kuwakadiria watu kodi upya, nao Waafrika wakaiona haivumiliki. Mwaka 536 jeshi lenyewe liliasi, kwa sababu askari waliowaoa wanawake wa Kivandali waliyataka mashamba ya wake zao, huku serikali ikisema ni mali ya hazina.