Ufunguo wa Kanisa Uko kwa Nani?

Fungu la kusoma: Matendo ya Mitume 11:27-30

Leo kabla ya kufundisha tutaanza na toba, kwa sababu neno hili lilitupiga sisi kwanza.

Mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021. Jioni ile mbingu ya upande wa Nyiragongo iligeuka nyekundu. Lava ikashuka, ikakata barabara ya Rutshuru, ikameza nyumba kule Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana. Tarehe 27, kabla hakujapambazuka vizuri, gavana akatoa amri kartie kumi za mji zihame. Watu wakajaa barabara ya Sake kama maji.

Katindo haikuwa katika zile kumi. Lakini na sisi tuliogopa, tukafunga mizigo, tukaondoka. Tulipotoka tulifunga geti la kanisa kwa kufuli, ufunguo tukautia mfukoni, na tukafika nao Minova.

Wapendwa, kukimbia hakukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa lile kufuli. Tuliporudi tuliambiwa kwamba wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, wakitoka upande wa Majengo, walikaa chini ya ukuta wetu kupumzika. Ndani ya ukuta huo kulikuwa na tanki la maji, vyoo na mabenchi. Aliyewafungulia mlango ni mama jirani anayeuza makala, ambaye hajaingia kanisani kwetu hata siku moja. Aliwaingiza kwake, akawapa maji ya bidoni mbili alizokuwa nazo, akawapikia watoto uji. Sisi tulikuwa na jengo na kipaza sauti. Yeye alikuwa na sufuria, na sufuria ile ndiyo iliyohubiri.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: jambo kama lile likirudi, mtu wa kawaida afanye nini? Wengi wetu husema, "Hiyo ni kazi ya serikali na ya mashirika." Kweli wana kazi yao, na tunawashukuru. Lakini gari la shirika hufika baada ya siku, na jirani hufika baada ya dakika. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yalipofunika Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, zaidi ya watu 400 walikufa. Waliotangulia kuchimba matope kutafuta ndugu zao hawakuwa na magari makubwa. Walikuwa wanakijiji wenye majembe na mikono yao.

Sasa tuangalie kanisa la Antiokia. Nabii Agabo aliwaambia kwamba njaa kubwa inakuja. Hawakuitisha mkutano wa kubishana ni dhambi ya nani iliyoleta njaa. Waliamua kuwasaidia ndugu wa Uyahudi. Tunajifunza kwao mambo manne.

La kwanza: walijiandaa kabla. Antiokia walipata nabii. Sisi Mungu ametuwekea mlima tunaouona kila asubuhi. Ulishuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ukashuka tena 2021. Tunangoja onyo gani lingine? Kujitolea hakuanzi siku ya moto. Kunaanza leo, kwa kujua nani anaishi karibu nawe. Katika kila kikundi cha maombi cha nyumbani kuwe na daftari: mzee asiyeweza kutembea yuko nyumba gani, mama mjamzito yuko wapi, nani haoni, nani hasikii, nani anakunywa dawa kila siku. Na pembeni mwa kila jina liandikwe jina la mtu atakayembeba. Usiandike "kanisa litambeba." Kanisa halina mgongo, wewe ndiwe mwenye mgongo.

La pili: kila mmoja alitoa kwa kipimo cha alichonacho. Hakuna aliyeambiwa atoe asichonacho, wala hakuna aliyesamehewa kwa sababu ni maskini. Kijana mwenye chukudu, hiyo ndiyo ambulansi ya bibi asiyeweza kutembea. Mwenye pikipiki, peleka mgonjwa bila kupandisha bei. Mama mwenye sufuria kubwa, tunaye mpishi. Muuguzi, tunajua kazi yako. Seremala, kutakuwa na vibanda vya kujenga. Na wewe unayejua kuandika tu, sikia hili: mwaka 2021 UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao katika mbio zile. Mtoto aliyepotea anahitaji mtu mwenye kalamu. Andika jina lake, la mama yake, avenyu yake, na mahali ulipomkuta. Usimchukue kimyakimya ukampeleka mbali, hata kama moyo wako ni mwema, maana mama yake atarudi kumtafuta palepale alipompoteza. Mpeleke kwa Msalaba Mwekundu au kwa chifu wa avenyu, mbele ya mashahidi.

Maji nayo ni huduma. Lava ya 2021 iliharibu mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji safi. Mnajua kipindupindu kinavyopenda mahali kama hapo. Kijana anayesimama kando ya ziwa akitia dawa ya klorini katika bidoni za watu, huyo ameokoa roho nyingi bila kupaza sauti. Anayechimba choo cha muda mahali wakimbizi walipolala, naye yuko katika huduma takatifu. Tusidharau huduma kwa sababu inanuka.

Lakini tuwe na hekima. Kujitolea si kujitupa katika kifo. Mwaka 2021 kuna watu waliokufa kwa moshi na gesi walipojaribu kuvuka juu ya lava iliyokuwa bado inafuka. Mwaka 2002 watu waliingia katika kituo cha petroli kuchota mafuta, kikalipuka, na makumi wakateketea. Na mazuku tunayajua sisi wa Goma: hewa ile mbaya hulala mabondeni, haionekani, na humwua mtoto kabla ya mtu mzima kwa sababu mtoto yuko karibu na ardhi. Usipite kwenye lava mbichi. Usiende peke yako. Mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi. Msaidizi akianguka, ameongeza mtu wa kubebwa.

La tatu: walipitisha msaada katika mikono iliyoaminika. Walimtuma Barnaba na Sauli, nao wakaukabidhi kwa wazee wa kule. Watu wawili, si mmoja. Na msaada haukumwagwa barabarani, ulikabidhiwa kwa wanaowajua wahitaji. Hapa tena tutubu. Tulipokwenda kuwasaidia waliopoteza nyumba, tulibeba magunia ya nguo kuukuu, na tukawapiga picha wakiwa wamezishika. Baadaye mama mmoja akatuambia kwa heshima, "Pasta, nguo tumepata mara tatu. Hatuna kitu cha kupikia." Tuliona aibu. Kama tungeuliza kabla ya kupakia, tungepeleka sufuria.

Basi tukubaliane. Kwanza tuulize. Tumwone chifu wa avenyu na watu wa Msalaba Mwekundu, tusianzishe foleni ya pili kando ya foleni yao. Kila franka na kila kilo ya maharagi viandikwe, na hesabu isomwe Jumapili mbele ya wote. Tusimwulize mtu anasali wapi kabla ya kumpa maji. Na simu zetu zibaki mfukoni: mtu aliyepoteza nyumba asipoteze na heshima yake.

La nne: upendo wao ulifika mbali na haukukata tamaa. Njaa ile haikuwa ya siku moja. Vivyo hivyo, wengi wetu tuliporudi nyumbani mwezi wa Juni 2021, tulisema, "Imekwisha." Kwetu ilikwisha. Kwa wale ambao nyumba zao zilikuwa chini ya jiwe, ndiyo kwanza ilianza. Miezi ilipita wakiwa bado katika mahema. Wiki ya kwanza kila mtu huleta chakula. Mwezi wa sita ndipo mtu anapohitaji mbao, ada ya masomo, na rafiki wa kuketi naye akilia.

Na kama kuna mtu anasema waliofunikwa na lava walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, asome Luka 13. Watu kumi na wanane waliangukiwa na mnara kule Siloamu, na Yesu alikataa hesabu ya namna hiyo. Alituita sisi tuliobaki tutubu.

Toba yetu ina matendo. Sasa ufunguo wa geti la kanisa wanao watu watatu: shemasi mmoja, kiongozi mmoja wa vijana, na yule mama wa makala. Ndiyo, yeye. Bado hajajiunga nasi, lakini tunajua atafungua.

Jumapili hii kila kikundi cha nyumbani kije na daftari lake. Anayetusikiliza na hana kanisa, aanze na nyumba tatu za jirani zake.

Tuombe. Bwana, utusamehe kufuli zetu. Utupe macho ya kumwona jirani kabla mlima haujanguruma, mikono ya kumbeba, na uaminifu wa kutochukua kilicho chake. Katika jina la Yesu. Amina.