Maombi ya Shahada ya Pili Huanzia Kazini

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma juu ya maandalizi ya kuomba nafasi ya masomo ya juu.)



Jambo nililoombwa kulizungumzia huonekana kuwa ni la mtu binafsi. Mwalimu anataka shahada ya pili; ajaze fomu, alipe ada, angoje majibu. Lakini mwalimu wa hesabu anapoondoka katika shule yenye walimu wawili tu wa somo hilo, mzigo wa masomo yake hubebwa na mwenzake aliyebaki, na hasara ya kukosekana kwake huwapata watoto. Kwa hiyo maombi yake yana haki ya kuulizwa swali hili: Je, kile anachokifuata kinalingana na kile anachokiacha?

Swali hilo ndilo linaloulizwa pia na kamati za vyuo. Wanaosoma maombi hutaka kujua mambo matatu: kwamba mwombaji ana uwezo wa masomo anayoyataka, kwamba analo tatizo la kweli linalomsukuma, na kwamba chuo hicho ndicho kinachoweza kumsaidia kulitatua. Fomu, vyeti na barua zote ni njia za kuyajibu hayo matatu.

Nianze na tatizo, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Mwombaji huandika kwamba anataka "kuinua kiwango cha elimu nchini". Hakuna anayepinga nia hiyo, na kwa sababu hakuna anayeipinga, haimtofautishi mtu na mwenzake. Lakini chukueni mwalimu anayefundisha kidato cha kwanza. Wanafunzi wake wengi walisoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Sasa wanakutana na hesabu zile zile kwa Kiingereza. Anaona kwamba mtoto anaweza kugawanya tarakimu bila taabu, lakini swali likiwekwa katika sentensi anashindwa kuanza. Je, aliyeshindwa ni mtoto katika hesabu, au ni lugha iliyomfungia mlango? Hilo ni swali la utafiti, na limetoka ubaoni. Vivyo hivyo kwa mtumishi wa idara ya maji anayeona pampu za mkono zikisimama katika kijiji kimoja na kuendelea kufanya kazi katika kijiji cha jirani. Anzeni leo kuandika katika daftari yale mnayoyaona kazini, pamoja na tarehe na hesabu zake. Daftari la mwaka mmoja litawapa maelezo ya nia ambayo hakuna mtu mwingine awezaye kuyaandika.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa siku hizi wapo wanaouza maandiko ya utafiti, na zipo programu za kompyuta zinazotunga insha kwa dakika moja. Insha hizo ni laini, wala hazina makosa ya sarufi, lakini hazina kijiji wala darasa ndani yake. Na mwombaji akiitwa kwenye usaili, atatakiwa kutetea maneno ambayo hayakuwa yake.

Jambo la pili ni vyeti na alama. Katika vyuo vikuu vya Tanzania wastani wa alama huhesabiwa hadi 5, na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Marekani kipimo cha kawaida huishia 4. Mwenye 3.8 ya hapa akiiandika bila kutaja kipimo, msomaji wa kule atadhani ni mwanafunzi wa hali ya juu sana; na nakala ya matokeo itakapofika, mwombaji ataonekana mdanganyifu ingawa hakukusudia. Andikeni "3.8 kati ya 5, daraja la pili la juu", wala msijigeuzie alama wenyewe.

Majina ya shahada nayo yana mitego. Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu wa shule alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akahitimu mwaka 1952 kwa shahada ya M.A. Katika vyuo vikongwe vya Scotland, M.A. ya fani kama zile alizosoma ni shahada ya kwanza. Hapa kwetu jina hilo ni la shahada ya pili. Basi kabla ya kuomba, someni masharti ya kozi, msiishie kwenye jina lake. Na anayekwenda nje aulize mapema Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa nchini. Ni afadhali kuuliza kabla ya safari kuliko kurudi na cheti kisichopokelewa.

Jambo la tatu ni wakati. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka 2 tu. Anayeufanya mapema mno huulipia tena. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwezi Desemba au Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa miaka 2 hivi, na humtaka aliyefadhiliwa arejee kwao akakae si chini ya miaka 2. Hesabuni basi kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho: miezi ya kupata nakala rasmi ya matokeo, wiki za kusubiri barua za wadhamini, na muda wa ruhusa ya mwajiri, ambayo kwa mwalimu huanzia kwa mkuu wa shule na kupanda ofisi kwa ofisi. Mwaka mmoja na nusu si mwingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wala si lazima kila mmoja asafiri. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na mwalimu anaweza kusoma huku akiendelea kufundisha. Ambaye swali lake limo darasani mwake hapati hasara kwa kubaki karibu na darasa hilo.

Sasa naomba ruhusa ya kuwageukia wakuu wa kazi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba anayetaka kuingia Chuo Kikuu afanye kazi kwanza, na mahali pake pa kazi pamshuhudie. Utaratibu huo haupo tena, lakini ushuhuda wa kazini bado una uzito mkubwa, kwa sababu vyuo huomba barua za watu wanaomfahamu mwombaji. Na hapa ipo tabia mbaya ambayo sote tunaijua. Mtumishi humwendea mkubwa wake kuomba barua, naye hujibu: "Andika mwenyewe, nitatia sahihi." Barua hiyo ni ushahidi wa uongo hata kama kila neno lake ni kweli, kwa kuwa anayeshuhudia si yule anayesema. Mkuu ambaye hawezi kuandika aya tatu juu ya kazi ya mtu aliyemsimamia miaka minne aseme wazi kwamba hawezi, ili mwombaji atafute mwingine.

Ipo na tabia nyingine, ya kuiacha barua ya ruhusa kwenye mtoto wa meza mpaka siku ya mwisho ipite. Kama idara haiwezi kumwachia mtu mwaka huu, haki yake ni kuambiwa hivyo kwa maandishi, pamoja na sababu. Kunyamaza si uamuzi. Ni kumnyima mtu nafasi bila kuwajibika.

Nanyi waombaji, mnapoomba ruhusa, msipeleke barua tupu. Elezeni vipindi vyenu vitashikwa na nani, ni kazi gani mtaimaliza kabla ya kuondoka, na mtakaporudi mtaifanyia nini shule au idara. Mwalimu Nyerere aliporejea kutoka Edinburgh alirudi kufundisha, huko Pugu. Si kila aliyesoma atarudi kwenye kiti kile kile, lakini kila anayeondoka anaweza kusema mapema, na kwa maandishi, anadaiwa nini na wale aliowaacha. Mtu akishaliandika hilo kwa mkuu wake, anaweza kuliweka pia katika maelezo ya nia, kwani kamati ya chuo nayo hutaka kujua elimu wanayoitoa itatumika wapi.